Kifua cha Baba

Baba yangu alikuwa mwanamke. Nalisema mapema kwa sababu nimechoka kulisema katikati ya mazungumzo, mtu akabaki ameshika kikombe hewani, ananikagua uso kana kwamba anatafuta pale nilipokosewa. Huku kwetu, kwenye vilima vya chai vya Boito, wazee hawashangai. Walikuwa hawashangai, niseme hivyo, mpaka tulipotaka kumzika.

Mambo yalikuwa hivi. Baba aliolewa akiwa msichana, kama wengine, na mume wake akafa kabla hawajapata mtoto. Katika desturi yetu sisi Wakipsigis, mjane wa aina hiyo hakulazimika kukaa akingoja mashemeji waje wagawane alichoachiwa. Angeweza kuoa. Anatoa ng'ombe, anatafutiwa msichana, sherehe inafanywa, na tangu siku hiyo yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Watoto wa msichana huyo ni watoto wake. Mwanamume wa kuwaleta duniani hutafutwa kimyakimya, huja, huenda, na hana neno juu yao. Wangu simjui na sijawahi kumtafuta. Wazee husema mjane kama huyo ameiolea nyumba yake toloch, yaani ule mti wenye panda unaoshikilia paa lisianguke.

Toloch wa Baba alikuwa mama yangu. Aliletwa kutoka upande wa Kipkelion, msichana mwembamba aliyeambiwa kuwa ameposwa, akafika na kukuta anayemngoja mlangoni ni mwanamke wa makamo aliyevaa koti la kiume. Niliwahi kumuuliza alihisi nini siku hiyo. Akanijibu kwamba alishukuru Mungu, maana dada yake mkubwa alikuwa ameolewa na mwanamume kamili na meno ya mbele hakuwa nayo tena.

Kilichotakiwa kwa Mama ni mvulana. Nikaja mimi. Waliofuata baada yangu hawakukaa tumboni hata mmoja, na mwishowe Baba akasema basi, mwili wa mtu si shamba la kulimwa mpaka likatae. Ukoo ulinung'unika. Nyumba iliyooa ili ipate mrithi ilikuwa imepata msichana mwenye magoti makubwa, nami nilikua nikilijua hilo kama mtoto mwingine anavyojua jina la shule yake.

Sikuwahi kumwona Baba ameshika mwiko. Hakubeba kuni mgongoni, hakuteka maji, hakukandika ukuta. Penye kikao cha wanaume alikaa na wanaume, magoti mbali mbali, koti limefungwa vifungo vyote hata jua likiwaka. Kanisani mchungaji alijaribu kumwita 'Mama', naye alitazama mbele bila kuitika, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka mchungaji akaamua kutomwita chochote. Mimi nilimwita Baba. Watoto wa majirani walimwita Kogo, yaani bibi, kwa kuwa hawakujua, na hao aliwasamehe.

Yeye ndiye aliyenipa panga la kuchongea. Mama alikasirika. Kuchonga ni kazi ya wanaume, alisema, na mtoto mwenyewe tayari hapendi kufagia.

"Nani mwanamume hapa?" Baba akamuuliza.

"Ni wewe."

"Basi mwanamume amesema achonge."

Mama alicheka mpaka akaketi chini. Nawakumbuka hivyo, na inaniuma kwamba katika yote yaliyosemwa baadaye juu ya ndoa yao, hakuna aliyetaka kujua kama walicheka.

Nilichonga vijiti, kisha vigoda, kisha nikajifunza patasi na tupa kwa fundi wa fanicha mjini Kericho aliyekuwa akinitania kwamba nitamaliza mbao zake kabla sijapata mume. Mume sikupata, na mtoto pia sikupata. Hospitali walinitoa kizazi nikiwa bado kijana kwa sababu ya uvimbe, na sitaki kusema zaidi ya hapo. Nilirudi nyumbani nikiwa na kovu tumboni na patasi zangu kwenye begi, na Baba akaniambia chumba changu kipo.

Wakati huo kampuni moja ya chai ng'ambo ya kilima chetu ilikuwa inang'oa michai yake ya zamani ili ipande mipya ya kuchunwa kwa mashine. Visiki vilirundikwa kando ya barabara na watu wakavichukua kuni. Mimi nilivichukua nikachonge. Mti wa chai ni kiumbe wa kuhurumiwa. Ungeachwa ungekuwa mti mrefu kama mwingine, lakini unakatwa kichwa maisha yake yote ili mkono wa mchunaji uufikie, basi ukubwa wote unashuka chini na kujikunja kwenye shina. Ndani ni mweupe, mzito, mgumu kiasi cha kukataa msumari. Nilichonga kutoka humo migongo ya wanawake waliobeba vikapu, mikono iliyobaki na umbo la kuchuna hata ikiwa haina jani, mama mmoja ambaye miguu yake ilikuwa miguu ya meza. Hoteli zilinunua vigoda vyangu na kukataa watu wangu. Niliwachonga hata hivyo.

Sanamu ya Baba nilikaa nayo muda mrefu kabla ya kuigusa. Kisiki chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyopata, na nilipokigeuza juu chini mizizi miwili minene ikainuka kama mtu anayeshikilia kitu kizito juu ya kichwa. Nikamwona hapo hapo. Baba akiwa toloch. Yeye aliyeoa ili apate nguzo, na miaka yote hiyo nguzo ilikuwa yeye. Kimo chake kilikuwa cha mtoto wa darasa la kwanza. Nilimpa uso wake mrefu, masikio yake yaliyotobolewa na kunyooshwa zamani, koti lake. Lakini koti nililiacha wazi, na kifuani nikamchonga matiti mawili ya mwanamke mzee, yaliyolala.

Nilikuwa na sababu. Mama aliwahi kunisimulia, tukipukuchua mahindi, kwamba nilipokuwa mchanga alishikwa na homa ya matiti mpaka akalazwa, na mimi nikaachwa nyumbani na Baba. Nilikataa chupa. Nilikataa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Nililia mpaka sauti ikaisha. Baba akafunga mlango, akafungua vifungo vya lile koti, akanipa titi lililokuwa halijawahi kunyonyesha mtu, kavu kabisa, nami nikalishika na kulala. Alifanya hivyo mpaka Mama aliporudi. Jirani yeyote angelijua hilo, Baba angevuliwa uanaume wake kikaoni, maana mwanamume hanyonyeshi. Alijua hatari hiyo na alifungua vifungo. Sasa nimchonge mtu huyo kifua bapa, nimdanganye nani?

Alipoiona mara ya kwanza alikuwa anatembelea fimbo. Aliizunguka polepole. Akaweka kiganja juu ya titi moja la mti, akakiacha hapo.

"Umeambiwa," akasema.

"Niliambiwa na Mama."

"Na utaipeleka Kericho watu waone?"

"Kama utakubali."

Alifikiri. "Peleka. Wataona kitu ambacho hata marehemu mume wangu hakuwahi kukiona mchana."

Nikaipeleka kwenye maonyesho katika ukumbi mmoja mjini. Kwenye kadi niliandika neno moja, Baba. Watu walisimama mbele yake, wengine wakacheka, wengine wakapiga picha kwa simu, mama mmoja akalia bila kunieleza kwa nini. Sikuiuza. Niliirudisha nyumbani ikakaa sebuleni kando ya kiti cha mwenyewe, naye akawa anaitundikia kofia.

Baba alifia Longisa, hospitalini, uzee tu na mapafu yaliyochoka. Mama alikuwa amemshika mguu. Sitaandika juu ya siku hiyo, maana huzuni yake ilikuwa safi, na mimi nataka kuandika juu ya ile chafu iliyofuata.

Wahenga walisema kufa kufaana. Mwili ukiwa bado mochari, alikuja mtoto wa shemeji yake Baba, mwalimu mkuu mstaafu ambaye kila mtu humwita Mwalimu. Alikuja na vijana wenye majembe, akasali vizuri, akatupa pole, akaomba chai. Kisha akatoka nje na kuwaonyesha vijana pa kuchimba kaburi. Mimi nilikuwa nahesabu viti vya plastiki na sikumfuata kwa macho. Mama ndiye aliyemwona kupitia dirishani.

Lazima nieleze boma letu. Nyumba inatazama mtoni, na kati ya nyumba na mto ni shamba letu la majani chai. Ukitoka mlangoni, mkono wako wa kulia ndipo wanapolala wanaume wa nyumba hii, yule marehemu mume wa Baba na baba yake. Mkono wa kushoto ni wa wanawake, na huko amelala mama mkwe wa Baba. Ndivyo ukoo wetu unavyozika. Vijana walikuwa wamesimama kushoto, na jembe la kwanza lilikuwa limeshaingia.

Mama alishika ukingo wa meza. "Wanamzika kama mke," akasema.

Mwanzoni sikuelewa ukubwa wake. Nilisema ni ardhi ile ile, udongo ule ule. Akanigeukia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. "Yeye akiwa mke, mimi ni nani? Mke ana mke? Mimi nitakuwa msichana wa kazi aliyekaa hapa akazaa mtoto wa barabarani. Na wewe ndiye huyo mtoto."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwalimu hakuhitaji kutufukuza kwa kelele. Alihitaji shimo tu. Baba akilala kushoto, basi alikufa akiwa mjane asiye na mtoto, na boma, shamba, nyumba na mto vinarudi kwa watoto wa shemeji. Najua mtasema kuna sheria. Sheria ipo, naijua, lakini ipo mjini, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Na hata tukifungua kesi, swali la kwanza lingekuwa alizikwa wapi, na nani alikubali.

Mama alitoka nje bila viatu akaingia katika ule mtaro wa kaburi uliokuwa bado haujafika magotini, akaketi. Hakupiga kelele. Vijana wakamwangalia Mwalimu, Mwalimu akaangalia saa yake. Mvua ya alasiri, ile yetu isiyokosa, ikaanza, na Mama akaendelea kuketi humo matope yakimpanda sketi. Nilimsihi atoke. Alinitazama kama mtu niliyemzibia njia. Mwishowe Mwalimu akasema basi, aitwe mzee wa ukoo, jambo liamuliwe.

Mzee wa ukoo alikuwa tumaini letu lote. Alikuwa na umri kama wa Baba. Alikuwepo siku Mama alipoolewa, alikula nyama ya sherehe, aliwapeleka ng'ombe Kipkelion kwa miguu yake mwenyewe. Nilimkimbilia nyumbani kwake na nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni natiririka maji. Alisikiliza, akaomba koti lake. Njiani nilikuwa karibu niimbe.

Kikao kilifanywa chini ya hema la matanga, mvua ikipiga turubai kiasi kwamba watu walilazimika kuinua sauti. Mzee alisema wazi alichokiona kwa macho yake: ng'ombe, sherehe, kiapo. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Mama alikuwa ameketi kando, matope yamemkaukia miguuni, na nikamwona akivuta pumzi.

Ndipo Mwalimu alipotoa simu.

"Wazee, mimi sibishani na mzee," akasema. "Lakini mambo ya zamani, kila mtu anakumbuka yake. Hebu angalieni hii."

Ilikuwa picha ya sanamu yangu, ukumbini Kericho, na kadi yake chini. Simu ikapita mkono kwa mkono. Niliwaona wanaume niliowajua tangu utotoni wakiisogeza karibu na macho, wakiipanua kwa vidole pale kifuani.

"Hii imetengenezwa na huyu," Mwalimu akanionyesha. "Mtu alikaa na marehemu nyumba moja. Ako na mikono ya kipawa, mimi siwezi kukataa. Sasa, yeye mwenyewe ameandika hapa 'Baba', na ameweka nini hapa kwa kifua? Si ni maziwa ya mwanamke? Mtoto ndiye anajua mzazi wake kuliko sisi wote. Mtoto mwenyewe amesema alikuwa mwanamke, na amesema mbele ya watu wa mji mzima."

Nilisimama. "Alikuwa vyote viwili," nikasema.

"Kaburi ni moja," akanijibu.

Watu hawakucheka. Afadhali wangecheka. Mzee wa ukoo aliomba sanamu iletwe aione kwa macho yake, na vijana wawili wakaibeba kutoka sebuleni wakaisimamisha kwenye nyasi katikati ya viti, mikono yake ya mizizi juu, kofia ya Baba bado ikining'inia kwenye mmoja. Mzee akaitazama muda mrefu. Niliona macho yake yakilowa. Alimtambua. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa kwa kazi yangu, na ilinifikia saa ambayo nilitamani nisingezaliwa na mikono.

Nilitaka kuwaambia habari ya mlango uliofungwa na mtoto aliyekataa chupa. Nikamtazama Mama, naye akanitikisia kichwa kukataa, mara moja tu. Kweli ile ingemmaliza Baba. Niliketi nayo mdomoni.

Mama akainuka. Aliingia ndani, akarudi na koti la Baba, akamvika sanamu, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni. Alifanya taratibu, kwa adabu, kama alivyofanya kila asubuhi Baba alipokuwa hawezi tena kunyanyua mikono. Akageuka. "Mume wangu ni huyu," akasema. "Hivi ndivyo mlimjua."

Mwalimu akasema kwa upole, na upole wake sitausahau, "Mama, koti hutolewa."

Mzee wa ukoo alikuwa ametuinamia mimi na Mama, mtu mwema aliyechoka. Alikuwa upande wetu. Nasisitiza hilo kwa sababu neno lililotuua halikutoka kwa adui.

"Sikilizeni," akasema. "Mimi nasema mwanamume, na huu mti unasema mwanamke. Siwezi kuambia vijana wachimbe kulia na mti umesimama hapa ukinipinga. Huyu msichana ako na vyuma vyake. Atoe hayo maziwa mbele ya kila mtu, hiyo mambo iishe, tuchimbe kulia. Mwalimu, utakuwa na neno ingine?"

Mwalimu alifikiri. Nadhani aliamini nisingeweza. "Akitoa, sina neno," akasema.

Nikakataa. Niliwaambia nitaichoma yote kwanza, nitaivingirisha mtoni, lakini sitamkata. Nilimwambia Mwalimu maneno ambayo sijawahi kumwambia mkubwa. Wote walikuwa wananingoja nimalize, kama mtoto anayelia mlangoni pa zahanati. Nikamgeukia Mama ili tukatae pamoja.

Mama alikuwa amekwishapiga magoti nyuma ya sanamu. Alikuwa ameifungua vifungo, ameivua koti na kulikunja vizuri kitini. Akaikumbatia kiunoni kwa mikono miwili, shavu lake likiwa mgongoni mwa mti, ili isiyumbe.

"Lete patasi," akasema.

"Mama."

"Nimeishi hapa tangu nikiwa msichana. Nitaenda wapi? Lete."

Nilileta. Nyundo ilikuwa nzito kuliko siku zote. Niliweka makali juu ya titi la kushoto, na mti wa chai haukati kwa pigo moja, nimeshasema, unapigana nawe. Nilipiga, na pigo likapita kwenye mti likamfikia Mama upande wa pili. Nilimwona mabega yakiruka. Nikapiga tena yakaruka tena. Nikasimama.

"Piga," akasema bila kuinua uso. "Usinitazame."

Nilipiga. Vipande vyeupe viliruka kwenye nyasi, kimoja kikaangukia kiatu cha Mwalimu naye akakipangusa. Wanaume walitazama chini. Nilitoa la kushoto, nikahamia la kulia, na kwa aibu yangu mikono ilifanya kazi nzuri. Ilijua pa kuanzia na pa kuishia. Nilipomaliza palikuwa na sehemu mbili tambarare, nyeupe pepepe katikati ya ule mti niliokuwa nimeupaka mafuta ukawa rangi ya kahawia. Mama hakuachia mikono. Ilibidi wanawake waje wamfungue vidole.

Kaburi likachimbwa kulia. Baba alikuja kutoka mochari amevaa suti, jeneza likapitishwa mlangoni mara moja kama desturi, na mchungaji, ambaye hakujua amwite nani, alisema marehemu kila mara. Chini ya suti ile mwili ulikuwa ule ule, na kifua kilikuwa kile kile kilichoninyamazisha. Hakuna hata mmoja aliyeomba jeneza lifunguliwe achunguze. Mwili waliuogopa, mti waliuweza. Mzee wa ukoo akanipa mimi udongo wa kwanza nirushe, nafasi ya mtoto wa kiume, na alidhani ananiheshimu. Niliurusha. Wakampa Mama pole ya mjane, wakamshika mkono mmoja mmoja, Mwalimu akiwa kati yao.

Kwa hiyo tulishinda. Tuna nyumba, tuna mto, tunachuna majani yetu. Mwalimu akipita barabarani hutusalimu, na Mama huitikia. Watu huniambia Mama ana bahati kuwa na mtoto jasiri. Patasi ziko kwenye begi. Nimejaribu mara kadhaa kuanza kisiki kipya, na kila ninapoinua nyundo naona mabega ya mtu upande wa pili.

Nilitaka kuiondoa ile sanamu sebuleni. Mama alikataa katakata. Imesimama pale pale kando ya kiti, na kila asubuhi, akishamaliza kukamua, Mama huingia na lile kopo la mafuta ya kukamulia, yale anayompaka ng'ombe chuchu zikipasuka wakati wa baridi. Huchota kwa vidole viwili, akaipaka sanamu kifuani, upande mmoja kisha mwingine, polepole, akizungusha. Palipokuwa peupe pameanza kuwa na rangi ya vumbi. Mwanzoni nilidhani anajaribu kupafanya pafanane na kwingine, na nikamwambia kuna rangi ya mbao ningeweza kununua.

Aliendelea kupaka, kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza habari za mvua, huu mti utachukua muda gani kupona.

Nilimweleza ukweli. Nilimwambia mti ukiwa hai shambani hufunga jeraha lake wenyewe, lakini huu uling'olewa zamani. Huu hauponi, Mama.

Alisema amesikia. Kesho yake asubuhi aliingia tena na kopo.